Kwa Nini Chombo cha Jiwe Kina Mshono wa Kalibu?

Tafuta picha ya chombo cha jedi, jiwe gumu la thamani, kilichotengenezwa kwa ajili ya ikulu ya Beijing katika karne ya 18, kimojawapo cha vile vilivyoiga vyombo vya bronzi vya kale. Ukikipata, usikimbilie ule uso wa zimwi uliochongwa tumboni. Angalia kwanza pembeni. Kwenye kila kona, na mara nyingi katikati ya kila upande, utaona ukingo mwembamba uliosimama kutoka juu hadi chini kama pezi la mgongoni mwa samaki, umekatwa meno kwa nafasi zilizolingana.

Pezi hilo halina kazi. Si mpini, halishikilii mfuniko, haliimarishi ubavu wa chombo. Fundi wa mawe atakwambia kwamba kulipata kwenye jiwe ni mateso ya miezi. Fundi wa kusubu madini atakwambia kwamba pale ndipo vipande vya kalibu vilipokutana. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu jiwe haliyeyushwi wala halimiminwi. Hakuna jedi iliyowahi kuingia kwenye kalibu.

Kwangu mimi, mtu akilielewa pezi hilo, mengine yote kuhusu vyombo hivi yanafunguka. Basi tulifuate tangu lilikozaliwa.

Udongo kwanza, bronzi baadaye

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Mafundi wa China ya kale waliongeza na risasi ili uji wa moto utiririke vizuri na kufika kila mahali. Enzi mbili ndizo zilizofikisha kazi hii kileleni: Shang, iliyotawala kuanzia takriban mwaka 1600 hadi 1046 K.K., na Zhou iliyoifuata.

Namna yao ya kusubu ilikuwa ya peke yake. Fundi alifinyanga kwanza mfano wa udongo wenye umbo la chombo anachokitaka. Akaufunika kwa tabaka nene la udongo mwingine, akalikata tabaka hilo vipande, akavibandua na kuvichoma hadi vikakakamaa. Kisha akaweka kiini cha udongo katikati, akavirudisha vile vipande vikizunguke, na kuacha uwazi mwembamba kati ya kiini na vipande. Bronzi iliyoyeyushwa ilimiminwa ndani ya uwazi huo. Ikishapoa, udongo ulivunjwa na chombo kikatoka.

Tatizo ni pale vipande vilipokutana. Hata ukivifunga kwa uangalifu namna gani, madini hupenya kidogo na kuacha mstari wenye mikwaruzo. Fundi angeweza kuusaga mstari ule akaumaliza. Wale wa Shang walifanya kinyume: waliukuza. Mstari wa aibu ukageuzwa kuwa pezi, pezi likapewa meno, na kasoro ya ufundi ikawa pambo lenye heshima. Tena pambo lote la chombo likajipanga kulifuata. Kwa kuwa kila kipande cha kalibu kilibeba sehemu yake ya nakshi, pande za chombo zikawa zinaelekeana kama mtu na kioo.

Ndiyo maana uso ule wa zimwi umegawanyika katikati. Mara nyingi pezi la katikati ndilo pua yake. Kushoto na kulia yako macho makubwa yaliyotoka nje, pembe zilizopinda, makucha, na taya ya juu. Taya ya chini haipo. Wachina huuita taotie, maana yake mlafi, lakini jina hilo si la Shang. Wasomi wa enzi ya Song, zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, waliliokota kwenye maandishi ya karne ya 3 K.K. yanayosema kwamba vyombo vya Zhou vilikuwa na taotie mwenye kichwa asiye na mwili. Nafasi zote zilizobaki kuuzunguka uso zilijazwa vizingo vidogo vya pembe nne, vinavyoitwa leiwen, yaani nakshi ya radi.

Vyombo hivi havikuwa mapambo ya sebuleni. Ding, sufuria lenye miguu mitatu au minne, lilikuwa la nyama. Gui lilikuwa la nafaka iliyopikwa. Gu, kopo refu lenye mdomo uliotanuka kama ua, na jue lenye miguu mitatu myembamba, vilikuwa vya pombe. Ukoo uliandaa chakula ndani ya vyombo hivi kwa ajili ya wazee waliotangulia. Wakati wa Zhou maneno yalisubiwa ndani yake, yakieleza ni mfalme gani alimpa nani nini na kwa sababu gani, na mara nyingi yakimalizia kwa ombi kwamba wana na wajukuu wakitunze chombo hicho milele. Hata cheo kilihesabiwa kwa ding: desturi ya Zhou ilimtengea mfalme mkuu 9, na waliokuwa chini yake idadi iliyopungua.

Kwa hiyo pezi lilipokaa kwenye bronzi lilikuwa na maana mbili kwa pamoja. Lilikuwa alama ya mkono uliokisubu chombo, na lilikuwa alama ya utawala.

Jiwe lisilokubali patasi

Sasa tuje kwenye jedi yenyewe, maana nayo ina fundo lake la kufunguliwa. Wachina huiita yu, na chini ya jina hilo yamekaa mawe mawili tofauti. Mwanakemia Mfaransa Alexis Damour ndiye aliyeyatenganisha mwaka 1863. La kwanza ni nefraiti, ambalo Wachina wamelifanyia kazi kwa maelfu ya miaka. La pili ni jadaiti, lile la kijani kinachong'aa kutoka Burma, ambalo lilianza kuingia China kwa wingi katika karne ya 18. Vyombo vya ikulu vya mtindo wa bronzi tunavyovizungumzia hapa kwa kawaida ni vya nefraiti, nyeupe kama mafuta ya kondoo au ya kijani kizito kama mchicha uliochemshwa.

Ugumu wa nefraiti ni 6 hadi 6.5 kwenye kipimo cha Mohs, kiasi kwamba kisu cha kawaida hakiachi mkwaruzo. Lakini sifa yake kubwa ni kutovunjika ovyo. Ndani yake kuna nyuzi ndogo mno za madini zilizosukana, mithili ya ukindu kwenye mkeka, na ufa ukianza hauna njia nyoofu ya kupita. Ndiyo maana unaweza kutengeneza pezi jembamba la jiwe na likadumu.

Sifa hiyo hiyo ndiyo inayolifanya jiwe likatae patasi. Sote husema jedi "inachongwa", nami nitaendelea kusema hivyo kwa sababu neno limeshazoeleka, lakini kwa haki jedi husagwa. Fundi wa enzi ya Qing, iliyotawala China katika karne hiyo ya 18, aliketi kwenye kerezo lililoendeshwa kwa miguu. Alikanyaga ubao mmoja, kisha wa pili, ukanda ukazungusha mhimili mbele na nyuma, na mwisho wa mhimili palikuwa na kisahani cha chuma. Kisahani hakikati kitu peke yake. Kinachokata ni mchanga mgumu uliolowa maji, wa kwazi, wa garneti au wa korundi, ambao fundi aliuchota kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukilishika jiwe. Chuma hubeba mchanga, mchanga hula jiwe kidogo kidogo. Kutoboa kulifanywa kwa keekee yenye bomba tupu, inayotoa kijiti cha jiwe katikati kama unavyotoa kiini cha tunda.

Hapa lirudie pezi. Kwa fundi wa bronzi pezi ni zawadi: mshono upo tayari, yeye anauongezea kimo tu. Kwa fundi wa jedi hakuna cha kuongeza. Jiwe linaweza kupungua tu. Akitaka pezi lisimame unene wa sarafu tatu, lazima uso mzima wa chombo, pande zote, ushushwe kwa kimo hicho, na pezi libaki kama kisiwa baada ya maji kupwa. Na uso wa taotie nao hivyo hivyo: macho yaliyotokeza hayakubandikwa, bali kila kisichokuwa jicho kiliondolewa. Jedi nyingi nzuri, iliyosafirishwa miezi kutoka mbali, iligeuzwa kuwa matope ya kijivu chini ya kerezo ili mshono ambao haukuwahi kuwepo uonekane.

Kuna mahali pengine pawili ninapopenda watu wapaangalie. Pa kwanza ni pembe za ndani za vyombo vya mraba. Kwenye bronzi pembe ya ndani hutokana na kiini cha udongo, ambacho unaweza kukikata kwa kisu ukitakavyo. Kwenye jedi kisahani ni cha mviringo, nacho hakiingii kwenye pembe ya mraba. Fundi alilazimika kuifuata kwa vyuma vidogo vidogo, akisaga kwa subira hadi pembe ikae sawa. Pa pili ni pete. Vyombo vingi vina pete zinazoning'inia kwenye midomo ya wanyama pembeni mwa shingo, nazo hucheza ukizigusa. Kwenye bronzi pete ilisubiwa mbali na chombo ikaunganishwa nacho. Kwenye jedi pete na mdomo wa mnyama na chombo chenyewe ni jiwe moja. Pete ilikatwa ikiwa mahali pake, hadi ikaachana na mwili wa chombo bila kutoka. Mkato mmoja ukiteleza, kazi ya mwaka imekwisha.

Umbo lililopita kwenye karatasi

Kati ya fundi wa Shang na fundi wa Qing kuna miaka isiyopungua 2,700. Umbo halikurithishwa kutoka mkono hadi mkono kwa muda wote huo. Lilipotea, likafufuliwa, na lilifufuliwa kwa kitabu.

Wakati wa enzi ya Song, vyombo vya bronzi vilianza kufukuliwa makaburini na kwenye mashamba, na wasomi wakashikwa na shauku ya kuvikusanya, kuvipima na kusoma maandishi yake. Kaizari Huizong, aliyetawala kuanzia mwaka 1100 hadi alipomwachia mwanawe kiti mwanzoni mwa 1126, wavamizi wa Jurchen kutoka kaskazini wakikaribia, alikusanya vyombo vingi na kuamuru viorodheshwe. Orodha hiyo ilieleza vyombo 839, kila kimoja na mchoro wake, vipimo vyake na uzito wake. Makusanyo yenyewe yalitawanyika vita vilipofika. Kitabu kilibaki, na baadaye, wakati wa enzi ya Ming, kikachapwa tena na tena kwa mbao zilizochongwa.

Hapo ndipo fundi wa jedi alipokutana na bronzi: kwenye ukurasa. Na ukurasa una tabia zake. Mchoro wa wino hauonyeshi kina. Ding la kubeba ng'ombe mzima na kikombe cha kiganjani huweza kuchukua nafasi sawa kwenye karatasi. Kwa hiyo vyombo vya jedi mara nyingi ni vidogo kuliko bronzi vilizoiga, nakshi yake imelala chini zaidi na imenyooka kwa unadhifu ambao Shang hawakuujali. Vizingo vya radi, ambavyo kwenye bronzi vinaonekana kama vinachemka, kwenye jedi vimepangwa mstari kama hati ya mwandishi mzuri. Ukiona unadhifu huo, umeuona mkono wa mchapaji akiwa amesimama kati ya wale wawili.

Wakati wa Ming, kazi hii ilistawi hasa Suzhou, mji wa mifereji na mafundi. Jina lililovuma ni Lu Zigang, fundi wa karne ya 16, ambaye aliweka jina lake kwenye kazi zake wakati mafundi wengi walifanya kazi bila kutajwa. Jina lake liliigwa mno baada ya hapo, kiasi kwamba kuliona kwenye jiwe si ushahidi wa chochote.

Kaizari aliyetaka jiwe lifanane na sheria

Kisha akaja Qianlong, aliyetawala kuanzia mwishoni mwa 1735 hadi alipomwachia mwanawe kiti mwanzoni mwa 1796. Alikuwa Mmanchu, wa ukoo uliotoka nje ya ukuta mkuu na kuiteka Beijing mwaka 1644, na alijua vizuri kwamba wasomi wa Kichina walimpima kwa mizani ya Zhou. Mwaka 1748 aliagiza kwamba vyombo vya ibada vya dola, ambavyo kwa muda mrefu vilikuwa sahani na bakuli za kawaida, vitengenezwe upya kwa maumbo ya kale. Mwaka uliofuata aliagiza orodha ya bronzi za ikulu yake, iliyofuata mfano wa ile ya Huizong na kuizidi: vyombo na vioo 1,529. Amri hizo mbili zilifuatana, na sioni kama ni bahati tu. Mtu anayetaka kurithi Zhou huanza kwa kuhesabu masufuria ya Zhou.

Si kila kitu kilichoorodheshwa kilikuwa cha kale kweli. Msomi Rong Geng alizichambua orodha za ikulu hiyo mwaka 1929 na kukuta mamia ya vyombo vyenye maandishi ambavyo vilikuwa vya kughushi. Kwa hiyo zipo jedi za karne ya 18 zilizoiga kwa uaminifu mkubwa bronzi ambayo yenyewe ilikuwa uongo wa Song au Ming.

Umbo lilikuwepo, lililokosekana ni jiwe. Nefraiti bora hutoka Hotan na Yarkand, kusini mwa jangwa la Taklamakan, ambako mito inayoshuka kutoka milima ya Kunlun huleta mawe. Mito miwili ya Hotan inaitwa kwa jiwe hilo: Yurungkash, jedi nyeupe, na Karakash, jedi nyeusi. Kwa muda mrefu mabwana wa huko walikuwa wengine, na jiwe lilifika Beijing kwa mashaka. Majeshi ya Qing yaliiteka nchi hiyo katika vita vilivyokwisha mwaka 1759. Baada ya hapo jedi ilikuja kila mwaka kama ushuru, takriban tani 2, kwa misafara ya majira ya kuchipua na ya vuli.

Huo ndio ukweli mzito ulio ndani ya kila chombo kikubwa cha jedi cha nusu ya pili ya karne hiyo: kimetoka kwenye nchi iliyotekwa. Wakazi wa Hotan na Yarkand waliingia mtoni na kupanda milimani kwa amri, chini ya ulinzi wa maofisa. Na maofisa wenyewe waliiba. Mwaka 1778 iligunduliwa kwamba Gao Pu, mkuu wa Yarkand, alikuwa akiwachimbisha watu jedi na kuipeleka Suzhou kuiuza kwa siri. Alikuwa mpwa wa mke mmojawapo wa kaizari. Qianlong aliamuru auawe, na akauawa.

Kuongezeka kwa jiwe kulimletea kaizari kero nyingine. Wafanyabiashara wa Suzhou, hasa wa mtaa wa Zhuanzhu, walianza kutoa vyombo vilivyotobolewa tobolewa, vyenye maua na matawi na ndege kila mahali, vya kuvutia mnunuzi wa haraka. Qianlong alichukia. Aliandika mashairi zaidi ya 40,000 maishani mwake, na mamia ya hayo ni ya jedi; katika baadhi yake aliuita mtindo huo mpya maafa ya jedi. Hoja yake ilikuwa kwamba jiwe limetupwa bure na utulivu wake umeuawa. Dawa aliyoitoa ni kurudi kwenye bronzi. Mafundi wa karakana za ikulu, na wale wa Suzhou na Yangzhou waliopewa kazi za ikulu, walielekezwa kwenye maumbo ya orodha.

Nikisoma habari hizo namwelewa. Pezi la Shang, ambalo halikubali kupinda wala kuchanua, lilikuwa kwake kama kanuni. Chombo chenye kona na mapezi kinamlazimisha fundi awe na nidhamu. Hata hivyo, anayesema kwamba mtindo wa kale ulilinda jiwe asisahau yale matope ya kijivu chini ya kerezo. Utulivu huo ulilipiwa kwa jiwe.

Na si kila kazi yake ilikuwa ya bronzi. Jedi kubwa kuliko zote za China ya kale, ule mlima wa Yu Mkuu, mfalme wa hadithi za kale, akiyadhibiti mafuriko, wenye kimo cha sentimita 224 na uzito wa zaidi ya tani 5, ni wa mandhari: majabali, miti, na watu wakichimba. Jiwe lilitoka milima ya Yarkand, likachukua miaka kufika Beijing, likapelekwa Yangzhou likiwa na mfano wake. Mfano wa kwanza ulikuwa wa nta. Kwa hofu kwamba ungeyeyuka kwa joto la kusini, ukatengenezwa mwingine wa mbao. Kazi ilikamilika mwaka 1787. Bado umesimama katika jumba la Leshoutang ndani ya ikulu ya kale ya Beijing.

Sufuria likawa chetezo

Kitu kimoja bronzi ilikipoteza ilipogeuka jedi: chakula. Hakuna aliyepika nyama ndani ya ding la jedi. Tangu wakati wa Ming wenye mali walikuwa wakivitumia vyombo vya bronzi vya kale kama vyetezo, na jedi ikafuata mkondo huo. Ding na gui zikapewa mfuniko na kuwa vyetezo. Zikakaa mezani katika seti ya vitatu: chetezo, kopo la kuwekea kijiko na koleo, na kisanduku cha udi. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Anaijua harufu hiyo na anajua adabu yake. Umbo lililowahi kushiba mafuta ya dhabihu likawa linatoa moshi mwembamba kwenye chumba cha kusomea, na gu la pombe likawekwa maua.

Pwani yetu iliijua China kwa kauri zake, ambazo vipande vyake hufukuliwa Kilwa na Gedi hadi leo. Jedi ya ikulu haikuwa bidhaa ya majahazi. Ilitoka ikulu kwa njia nyingine: majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipopora kasri la Yuanmingyuan mwaka 1860, kisha enzi ya Qing ilipodhoofika na kuanguka. Nyingine zilifungwa kwenye masanduku mwaka 1933 kuwakimbia Wajapani, na masanduku 2,972 ya makumbusho ya ikulu yakavushwa hadi Taiwan mwaka 1948 na 1949. Ndiyo sababu leo Beijing na Taipei zote zina hazina kubwa. New York nayo ina zake, nyingi kutoka kwa mkusanyaji Heber Bishop, aliyeipa makumbusho ya Metropolitan vitu zaidi ya 1,000 mwaka 1902.

Kuiga si kughushi

Sasa tunaweza kusoma kibandiko cha chombo cha namna hii bila kuchanganyikiwa. Kikisema "gu ya Shang", kinataja umri wa umbo. Umri wa kusagwa kwa jiwe ni jambo la pili, na kusagwa huko kunaweza kuwa kwa karne 27 baadaye. Umri wa jiwe lenyewe hauna maana kwetu. Ni wa mamilioni ya miaka. Anayekuuzia chombo akazungumzia umri mmoja tu, mwulize anazungumzia upi. Jedi haipimwi umri wa kuchongwa kwake kama mkaa au mfupa unavyopimwa, kwa hiyo wataalamu hutazama njia za mchanga kwa kioo cha kukuzia: kerezo la miguu na mchanga uliolowa huacha alama nyingine, na mashine ya umeme yenye kisahani cha almasi huacha nyingine.

Na ukitazame chini, kwenye kitako. Vyombo vingi vya Qianlong vya aina hii vina herufi sita: Da Qing Qianlong fang gu. Da Qing ni Qing Kuu. Qianlong ni jina la utawala. Fang ni kuiga, gu ni kale. Chombo kinajitaja chenyewe kuwa kimeiga ya kale wakati wa Qianlong. Zimeandikwa kwa hati ya makarani wa enzi ya kale ya Han, yaani hata mwandiko umeiga ya kale, na papo hapo umekataa kudanganya. Mwigaji aliyeweka mihuri ya namna hiyo alitaka uone vitu viwili kwa mara moja, Shang na yeye. Mghushi anataka uone kimoja tu.

Qianlong aliijua tofauti hiyo kwa kuonjeshwa. Alikuwa na kikombe cha jedi chenye mipini miwili na madoa mekundu ya kahawia, yale ambayo jiwe huyapata likikaa ardhini kwa karne nyingi. Alikiamini kuwa cha enzi ya Han. Akamwonyesha Yao Zongren, fundi wa karakana za ikulu aliyetoka ukoo wa mafundi wa jedi. Yao akamjibu kwamba kikombe kile kilitengenezwa na babu yake mzaa baba, na kwamba namna ya kukitia uzee ilikuwa siri ya nyumba yao.

Kaizari angeweza kukasirika. Aliuliza inafanywaje. Yao akaeleza: halichaguliwi jiwe safi, huchukuliwa lenye kasoro. Uso wake hudonolewa kwa ncha ya almasi, vishimo vidogo vilivyokaribiana sana. Kisha hupakwa kaharabu na kuwekwa kwenye moto wa taratibu, usiku na mchana, hadi rangi ipenye kwenye vile vishimo. Haifiki mahali pake kabla ya mwaka kupita.

Qianlong aliyaandika mazungumzo hayo mwaka 1753, akimtaja fundi kwa jina na kukiri kosa lake. Kikombe hakukivunja. Kipo Taipei, na maandishi ya kaizari yanayosema ni cha babu yake Yao yapo pia.